Mashavu Si Mizani: Mwongozo wa Mafuta na Ukuaji wa Mtoto Tangu Kuzaliwa Hadi Miaka Mitano

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi 5, kwenda dukani kununua sabuni kulinichukua nusu saa. Tulikaa Mji wa Kale, Mombasa, na kichochoro chetu kilikuwa na mtu kwenye kila baraza. "Mashaallah, hebu yaone mapaja!" Mikono yake ilikuwa na mikunjo kama iliyofungwa uzi. Mavyaa yangu, kwa kuchelea jicho, hakumtoa nje bila kumtia doa la wanja kipajini.

Mtoto yule yule alipofika miezi 14 alikuwa hakai chini, mbio kutwa, na baraza zile zile zikageuka. "Mbona kakonda hivi? Huyu si bure, kabemendwa." Nilitahayari. Wiki 3 nzima nikamshindilia: maziwa ya kopo juu ya ziwa, glukosi kwenye uji, mahamri kila asubuhi. Kisha nesi mmoja mtu mzima akafungua kitabu cha kliniki, akanionyesha nukta mbili. Miezi 5: kilo 8.1, urefu sentimita 67. Miezi 14: kilo 10.9, urefu sentimita 79. Zote mbili zilikaa juu kidogo ya mstari wa katikati, kama shanga za uzi mmoja.

"Hajakonda huyu," akasema. "Karefuka."

Haya ni yale niliyojifunza tangu siku hiyo, kwanza kwa wanangu watatu, halafu kwa miaka niliyozunguka mitaa ya Kisauni nikiwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Hayachukui nafasi ya kliniki. Yatakusaidia ufike kliniki ukijua la kuuliza.

Hatua ya 1: Ijue kalenda ya mafuta

Mafuta ya mtoto yana msimu wake. Yana wakati wa kuja na wakati wa kupungua, na vurugu nyingi za barazani hutokana na kutoijua kalenda hiyo.

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili ana mafuta yapatayo asilimia 14 ya uzito wake. Kwa mtoto wa kilo 3.3, hiyo ni chini kidogo ya nusu kilo. Sehemu yake ndogo ni mafuta ya kahawia, yaliyojificha kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Kazi yake ni kutoa joto, kwa sababu mtoto mchanga hana nguvu ya kutetemeka akisikia baridi kama sisi. Yaliyobaki ni akiba, na mlaji mkuu wa akiba hiyo ni ubongo, ambao peke yake hutumia zaidi ya nusu ya nguvu ya mwili wa mtoto mchanga. Mtoto akiharisha siku tatu na kukataa kula, ubongo haungoji apone, unachota ghalani.

Ndiyo maana miezi 6 ya kwanza ni ya kujaza ghala. Kati ya miezi 4 na 6 mafuta hufikia robo nzima ya uzito. Kwa mvulana wa wastani mwenye kilo 7.9, ni kama kilo 2 za mafuta. Hapo ndipo mikunjo, mashavu na makofi ya baraza. Baada ya hapo mtoto huanza kutambaa, kusimama, kukimbia, na asilimia hushuka: mwaka mmoja ni kama 22 au 23, na miaka 5 ni kama 15 kwa wavulana, zaidi kidogo kwa wasichana.

Hesabu inayonishangaza mpaka leo ni hii. Tangu miezi 6 hadi miaka 5 mvulana wa wastani huongeza zaidi ya kilo 10. Katika hizo, mafuta hayafiki hata kilo moja. Zilizobaki ni misuli, mifupa, damu, ini, ubongo. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 anayeonekana mbavu akivuliwa shati, huku anapanda miti na anakula, yuko mahali pake hasa. Karibu na miaka 5 au 6 wembamba hufika kikomo, kisha mafuta huanza kurudi polepole. Marudio haya yakija mapema, kwenye miaka 3 au 4, ni dalili ya kuangaliwa, kwa sababu watoto wa namna hiyo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wanene kupita kiasi baadaye.

Hatua ya 2: Pima, na upime sawasawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana nusu ya hofu nilizokutana nazo zilitokana na vipimo vibovu.

Uzito kwanza. Mtoto apimwe uchi, au na chupi kavu tu. Vua nepi: iliyolowa vizuri hupita gramu 100, na kwa mtoto wa miezi 9 hizo ni theluthi ya nyongeza ya mwezi. Vua bangili za fedha, na kama ana hirizi nzito, ivue kisha umrudishie. Kabla hajawekwa, angalia mshale wa mizani umesimama kwenye sifuri. Ile mizani ya kuning'inia yenye suruali hupenda kusogea. Usiogope kumwambia nesi, "Dada, naona haiko sifuri." Mwenye kazi yake hatakasirika. Ukiweza, pima mahali pamoja kila mara, kwa sababu mizani mbili hazisemi lugha moja.

Nyumbani, mizani ya kusimamia watu wazima hutumika kwa kutoa: simama na mtoto, kisha bila mtoto. Kwa mtoto wa miaka 3 inatosha kukupa picha. Kwa mchanga wa wiki 6 ni kujitafutia presha ya bure.

Urefu ndio unaopuuzwa. Kliniki moja niliyokuwa nikimpeleka mwanangu wa pili ilimpima uzito miezi 11 mfululizo bila kumlaza hata siku moja kwenye ubao. Ukurasa wa urefu ulikuwa mweupe kama siku ulipotoka kiwandani. Omba upimwe. Bila urefu, uzito ni nusu ya habari: kilo 10 kwenye sentimita 72 na kilo 10 kwenye sentimita 82 ni watoto wawili tofauti kabisa.

Chini ya miaka 2 mtoto hupimwa akiwa amelala. Watu wawili wanahitajika: mmoja ashike kichwa kiguse ubao wa juu, macho yatazame dari, mwingine anyooshe magoti na kusukuma ubao wa chini hadi kwenye nyayo. Kuanzia miaka 2 hupimwa amesimama, bila viatu, visigino, makalio na mabega yameugusa ukuta. Msichana aondolewe mafundo ya nywele juu ya kichwa. Mtoto aliyesimama hupungua kama sentimita 0.7 kuliko akilala, kwa hiyo usistuke siku ya kwanza ya kusimama ukaambiwa karudi chini.

Mara ngapi? Katika kliniki za chanjo utapitia wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 6, 9 na 18. Tatizo ni kwamba wengi wetu chanjo ikiisha na kitabu tunakiweka kabatini. Endelea kila mwezi mpaka mwaka, na baada ya hapo usipitishe miezi 3 bila kipimo. Vitamini A hutolewa kila miezi 6 tangu miezi 6 mpaka miaka 5, na dawa ya minyoo tangu mwaka mmoja. Itumie safari hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Soma mstari, usisome nukta

Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kina chati za wavulana mbali na za wasichana. Hakikisha uko kwenye ukurasa wa mwanao. Nimeona makosa hayo zaidi ya mara moja.

Kuna wanaosema chati hizi ni za Wazungu. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2006 baada ya kuwafuata watoto wapatao 8,500 wa Pelotas, Accra, New Delhi, Oslo, Davis na Muscat, ambako wengi wetu hapa Mombasa tuna mashangazi na wajomba. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, ambao mama zao hawavuti sigara. Kilichoonekana ni kwamba, wakilishwa na kutunzwa vizuri, watoto wadogo wa sehemu hizo zote hukua kwa urefu unaokaribiana mno. Kwa hiyo "sisi kwetu ni wafupi" si jibu la haraka kwa mtoto aliyesimama kukua.

Mstari wa katikati si mtihani wa kupasi. Mtoto anaweza kukaa chini yake miaka yote mitano na akawa mzima. Cha kutazama ni kama anafuata njia yake. Wasiwasi huanza uzito ukilala bapa miezi miwili mfululizo, ukishuka, ukivuka mistari kwenda chini, au ukipanda ghafla kama ngazi wakati urefu umelala. Chini ya mstari wa -2 (namba hizi huonyesha umbali kutoka mstari wa katikati) kwenye urefu ni kudumaa. Chini ya -2 kwenye uzito kwa urefu ni kukonda kwa utapiamlo, na chini ya -3 ni utapiamlo mkali. Juu ya +2 kwenye uzito kwa urefu, kwa mtoto wa chini ya miaka 5, ni uzito wa kupita kiasi.

Sasa jambo linalowapotosha mama wengi: kasi hupungua yenyewe. Mvulana wa katikati ya chati huongeza kilo 1.2 mwezi wa kwanza, 1.1 mwezi wa pili, kisha gramu 800, 600, 500, 400. Kufikia miezi 9 ni kama gramu 300, na mwezi wa 12 ni gramu 200 tu. Mama aliyezoea kusikia "kaongeza kilo" hufikiria maziwa yameharibika. Hayajaharibika. Kwa ujumla mtoto huongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili kufikia miezi 4 hadi 6, mara tatu kwenye mwaka mmoja, na mara nne karibu na miaka 2. Urefu huongezeka kama sentimita 25 mwaka wa kwanza na kama nusu ya hizo mwaka wa pili.

Na siku zile za mwanzo kabisa mtoto hupungua. Akipoteza hadi asilimia 7 au hata 10 ya uzito kisha akaurudisha ndani ya wiki 2, ni kawaida. Asipourudisha, muone nesi atazame anavyonyonya kabla hujakimbilia kopo.

Aliyezaliwa kabla ya miezi yake ahesabiwe umri tangu tarehe aliyotarajiwa, angalau mpaka miaka 2. Usimlinganishe na binamu yake waliozaliwa wiki moja.

Hatua ya 4: Mkono na miguu

Utepe wa kupima mkono ni kitu kidogo kinachookoa. Hutumika tangu miezi 6 hadi miezi 59. Chukua mkono wa kushoto, ukunje kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, weka alama. Nyoosha mkono uning'inie, zungusha utepe uguse ngozi bila kuibana. Sentimita 12.5 na kuendelea, kijani. Kati ya 11.5 na 12.5, manjano: anahitaji lishe na ufuatiliaji. Chini ya 11.5, nyekundu, na siku hiyo hiyo nenda kituo cha afya. Tangu mtoto ana miezi 6 hadi anafikisha miaka 5 amerefuka sana, lakini duara la mkono wake hubadilika kidogo. Ndiyo maana kipimo kimoja huwatosha wote.

Miguu nayo. Kuna mtoto mmoja ng'ambo ya Likoni nilikaribishwa nimwone "alivyonenepa baada ya kuacha ziwa." Mashavu ya duara, yanang'aa. Lakini alikuwa hacheki, nywele zimekuwa kama za mahindi, na hakujali nilipomchukua kwa mamake. Nilibonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, nikahesabu tatu, nikaachia. Mashimo yalibaki, kama kwenye unga uliokandwa. Yale yalikuwa maji, hayakuwa mafuta. Ni kwashakoo, na mtoto wa namna hiyo huweza kufa huku majirani wanamsifu. Miguu yote miwili ikibaki na shimo, usingoje Jumatatu.

Niseme neno kuhusu kubemendwa, au chirwa kama wanavyoita jamaa zetu Wamijikenda. Wazee husema wazazi wamekiuka miiko, au mama kashika mimba nyingine mapema, ndipo mtoto akadhoofu. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams aliuandikia ulimwengu juu ya ugonjwa aliouona Gold Coast, Ghana ya leo, akatumia jina la wenyeji, watu wa kabila la Ga: kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyesukumwa na mdogo wake anayekuja. Tazama wazee wa bahari mbili walivyoona kitu kimoja! Walichokiona ni kweli; sababu ndiyo nyingine. Mimba mpya huja, ziwa hukatwa kwa siku moja, mtoto hupewa uji wa maji na chai. Kinachomdhoofisha ni kile alichonyang'anywa na kile alichopewa badala yake. Na lawama ile huwafanya mama wafiche watoto ndani badala ya kuwaleta kliniki, hilo ndilo linalonikera zaidi.

Hatua ya 5: Miezi 6 ya kwanza, ziwa peke yake

Umewahi kukamua nazi kwa kifumbu? Kinachotoka kwanza ni kasimele, zito. Ukitia maji ukakamua tena, tui jepesi. Ziwa hufanya kinyume. Mwanzo wa kunyonya maziwa huwa mepesi, ya kukata kiu, na kadiri ziwa linavyopungua mafuta huzidi. Kasimele iko mwisho. Kwa hiyo usimtoe mtoto ziwa hili baada ya dakika 5 kwa kufuata saa umpe lile. Mwache amalize mwenyewe, kisha umpe la pili akitaka. Karibu nusu ya nguvu iliyomo kwenye maziwa ya mama hutoka kwenye mafuta.

Na maji? Hata kwenye joto la Kaskazi, Februari ile nyumba za mabati zinapotokota, mtoto wa miezi 3 hahitaji maji. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88. Ukimpa maji, au maji ya sukari kwa ajili ya chango, unajaza tumbo kwa kitu kisicho na mafuta hata chembe, naye atanyonya kidogo, na ziwa likinyonywa kidogo hutoa kidogo. Akiwa na kiu, mweke kifuani mara nyingi zaidi.

Mzazi wa arobaini ale ashibe. Uji wa pilipili manga wa mavyaa si adui. Ubaya ni akinywa huo bila samaki, maharagwe wala mboga.

Anayetumia maziwa ya kopo kwa sababu ya kweli afuate kipimo cha kijiko kilichomo. Kuzidisha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi humkondesha; kuzidisha unga humnenepesha na kuchosha figo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inazuia kutangaza maziwa haya kwa mama, kwa hiyo mtu akikuletea kopo la "kuanzia" la bure wodini, jua anachouza.

Hatua ya 6: Sahani, kuanzia miezi 6

Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama kikombe kimoja cha chai. Ndani ya kikombe hicho utatia nini? Hilo ndilo swali lote la kumwanzishia mtoto chakula. Uji mwepesi unaoweza kunyweka kwa chupa ni maji yenye rangi. Inamisha kijiko: ukianguka kama mvua, ongeza unga; ukishuka taratibu kama asali, sawa.

Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Gramu ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia huongeza kama kilokalori 40 bila kujaza tumbo. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku juu ya ziwa. Miezi 9 hadi 11 kama 300. Mwaka wa pili kama 550.

Hiki ndicho nilichopika zaidi, kwa mtoto wa miezi 8. Kiazi kimoja cha wastani au ndizi mbili za kupika, kiganja cha boga. Chemsha pamoja na kipande cha changu au nguru ukubwa wa vidole viwili. Karibu na kuiva tupia kiganja cha mchicha uliokatwa laini sana. Epua, toa miba kwa vidole vyako mwenyewe, usimwamini mtu wala macho. Ponda na vijiko viwili vya kasimele. Bila chumvi. Nusu kikombe kinatosha mlo mmoja. Siku ya pili badala ya samaki weka ini la kuku, ya tatu maharagwe au mbaazi zilizopondwa, ya nne yai.

Angalizo kwa sisi watu wa nazi: tui ni mafuta, protini yake ni ndogo. Uji wa tui mtupu asubuhi, mchana na jioni utampa mtoto mashavu na kumwacha mfupi. Kinachorefusha ni samaki, dagaa, mayai, maziwa, maharagwe, na kutougua mara kwa mara. Dagaa wa Kongowea ni wa bei nafuu. Ukinunua wakavu, loweka kutoa chumvi, kausha tena, saga, weka kijiko kwenye kila chungu.

Ukivuka daraja la Mtwapa uko Kilifi, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 37 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 kule wamedumaa. Kwa Kenya nzima ni 18. Pwani hii ina nazi na bahari, na bado watoto hawarefuki. Si mafuta yanayokosekana peke yake.

Idadi ya milo: mara 2 hadi 3 kwa siku katika miezi 6 hadi 8, kisha 3 hadi 4 na kitafunio cha katikati. Ziwa liendelee mpaka miaka 2 na zaidi. Asali ngoja mwaka utimie. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu kabla ya mwaka, na kuanzia hapo mpaka miaka 2 yawe na mafuta yake yote. Usimpe yaliyoondolewa malai. Chai ikae mbali: inazuia madini ya chuma, na akiba ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kuisha karibu na miezi 6. Hamri lililochovywa kwenye chai ni kifungua kinywa chako wewe. Karanga zisagwe, nzima zinakaba.

Hatua ya 7: Akizidi kweli

Mnyonyaji mwenye mikunjo, anayefuata mstari wake, hana ugonjwa. Usimpunguzie ziwa. Ninayemzungumzia ni mtoto wa miaka 2 au 3 aliyevuka mstari wa +2 kwenye uzito kwa urefu na bado anapanda.

Usimfunge kula. Lengo ni uzito upunguze kasi urefu umfikie. Anza na vinywaji: soda, juisi ya pakiti, ukwaju wenye sukari, maziwa yenye vijiko vitatu. Maji na maziwa matupu. Ondoa kachiri, mabuyu na biskuti za kunyamazisha, hasa zile za kwenye matatu, maana mtoto hufunzwa kwamba kila kilio dawa yake ni mdomo. Akigeuza uso, ameshiba. Sahani haimalizwi kwa fimbo. Simu: kabla ya miaka 2 asitazame kabisa, na baada ya hapo isizidi saa moja kwa siku. Vyumba vyetu vya Majengo na Bombolulu ni vidogo, najua, lakini jioni jua likipoa mpeleke uwanjani au ufukweni akakimbie.

Mtoto anayenenepa huku urefu umesimama ni habari nyingine. Ulaji peke yake kwa kawaida hurefusha pia. Huyo apelekwe kwa daktari, huenda ni tezi.

Hatua ya 8: Usisubiri kliniki ya mwezi ujao

Utepe mwekundu, miguu inayobaki na shimo, mtoto anayekataa kunyonya au kula kabisa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea hata haamki vizuri: twende hospitali sasa hivi, hata kama feri imejaa. Mwenye utapiamlo mkali ambaye bado ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine hutibiwa akilala kwao, kwa chakula-tiba cha karanga. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Ni dawa yake yeye. Asigawiwe kaka zake, na isiuzwe dukani, jambo ambalo nimeliona.

Baada ya kitabu kuisha

Chati za kitabu hukoma kwenye miaka 5, wakati ule ule mtoto anapofikia wembamba wake wa mwisho. Kwetu tumeendelea kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, penseli na tarehe, mara mbili kwa mwaka, na uzito umeandikwa pembeni. Kitinda mimba nilimpima wiki iliyopita: miaka 5 na miezi 4, sentimita 111, kilo 18.5, mbavu zahesabika. Mavyaa yangu alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi. Alimtazama juu hadi chini, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akauliza, "Mwaka jana alama yake ilikuwa wapi?"